Uzi maalumu: Maji ya kunywa na mapishi unapotembea milimani na begi mgongoni

Mtembea Milima aliandika:

Wanajamvi, salaam. Katika nyuzi za safari humu ndani, maswali mengi huwa ni ya viatu na mahema, ilhali wengi wanaougua njiani huugua kutokana na maji, na wengi wanaokata tamaa wamelala na njaa kwa sababu chakula walichobeba hakikuiva. Nimeona nifungue uzi wa mambo haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa kwa mtu aliyebeba kila kitu mgongoni hayatenganishiki: kila lita unayochemsha inakula gesi, na kila chakula unachochagua kinadai maji yake. Ninayoyaandika nimeyapata katika safari za miguu za Usambara Magharibi, kutoka Lushoto kupitia Rangwi hadi Mtae, na katika safari mbili za Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, ambako tulijipikia wenyewe. Kilimanjaro siigusi, kwa sababu kule sheria inataka uende na kampuni yenye kibali, na mpishi huwa yupo.

Nianze na maji. Kambi ya Shipton, kule Mlima Kenya, iko mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, na kijito kinachopita pale ni baridi na cheupe kama kioo, kiasi kwamba mgeni hushawishika kuinama na kunywa kwa viganja. Mimi mwenyewe nilichuchumaa pale asubuhi ya kwanza na kuyatazama mawe ya ukingoni kwa karibu. Juu ya kila jiwe lililopata jua kulikuwa na pimbi, na chini yao kinyesi chao, vidonge vidogo vyeusi vilivyotapakaa hadi kwenye ukingo wa maji. Mvua ya usiku inaviosha vyote na kuviingiza humo humo tunamochota. Mbali na pimbi, wapo watu waliolala juu yako bondeni, na si wote wanaosogea mbali na kijito wanapojisaidia. Weupe wa maji unakuambia kwamba hayana tope, na zaidi ya hapo haukuambii lolote.

Wadudu wa kuwaogopa ni wa makundi matatu. Kuna bakteria, kama wale wa kipindupindu na wa homa ya matumbo. Kuna vimelea vikubwa zaidi kidogo, hasa giardia na kriptosporidia, vinavyoleta tumbo la kuendesha ambalo huweza kudumu wiki kadhaa. Na kuna virusi, kama vya homa ya ini aina ya A, ambavyo ni vidogo mno. Nayasisitiza makundi haya kwa sababu karibu kila njia ya kusafisha maji ina kundi inaloliacha. Vidonge vya klorini huua bakteria na virusi vizuri, huchelewa kwa giardia, na kriptosporidia huishi humo kana kwamba hujaweka kitu. Kichujio cha nyuzi, yaani vijineli vyembamba vyenye matundu ya mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huzuia bakteria na vimelea vyote viwili, lakini virusi hupita. Kati ya njia hizi, kuchemsha pekee ndiko kunakomaliza makundi yote matatu. Dawa za mashambani, chumvi na madini havitolewi na njia yoyote kati ya hizi.

Kwa hiyo utaratibu wangu hufuata mahali nilipo. Nikiwa Usambara, ambako juu ya kila kijito kuna kijiji, ninachuja kwanza kisha ninatia klorini, ili kile kinachoshinda kichujio kikutane na dawa. Nikiwa juu kabisa, mahali ambapo watu ni wachache, ninaridhika na kichujio kwa maji ya kunywa baridi, na yale ya chai na uji yanachemka kwa vyovyote. Msitie klorini kwenye maji ya tope, kwa sababu tope linaila dawa kabla haijawafikia wadudu. Yaacheni yatuame, yachujeni kwa kitambaa, ndipo mtie. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, ambao mara nyingi ni dakika 30, ni wa maji yasiyo ya baridi kali. Maji ya mlimani ninayapa saa 1 na zaidi. Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: kidonge kikishayeyuka, legeza kifuniko cha chupa na uipindue kidogo ili maji yenye dawa yaoshe zile pingili za mdomo wa chupa, kwa maana hapo ndipo matone ya mtoni yanapojificha na hapo ndipo unapoweka midomo yako.

Kuhusu kuchemsha, nimesikia wengi wakisema kwamba juu mlimani maji yanachemka bila kuwa moto, kwa hiyo hayawi salama. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Kiwango cha kuchemka hushuka takribani nyuzi joto 1 kwa kila mita 300 unazopanda: Lushoto ni kama nyuzi 95, kambi ya Old Moses, iliyo chini ya Shipton kwenye mita 3,300, ni kama 89, na Shipton ni kama 86. Hata hivyo wadudu hawa hufa haraka kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea, kwa hiyo hata nyuzi 86 zinawatosha. Ushauri wa afya unaotumika sana ni kuacha maji yatokote dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Kutokotesha kwa dakika 10 au 20, kama tulivyofundishwa wengi nyumbani, ni kuchoma gesi ambayo umeipandisha kwa mgongo wako.

Sasa mapishi, na hapa ndipo zile nyuzi 86 zinapouma. Safari ya kwanza tulibeba kilo 1 ya maharage mekundu. Tuliyaloweka Old Moses tangu usiku, tukayabeba yakiwa yamevimba ndani ya kopo, tukayabandika Shipton saa kumi na moja jioni. Maji yalitokota kwa nguvu, kifuniko kikicheza juu ya sufuria, na ukitazama ungesema chakula kimekaribia. Saa mbili usiku nilitoa harage moja kwa kijiko na kulibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifuniko. Ganda lilibanduka na kuteleza, na ndani likakatika vipande viwili vyeupe, vikavu kama chaki. Gesi ya siku mbili ilikuwa imekwisha. Mapovu ni yale yale ya nyumbani, ila joto lake silo, na ukiongeza moto unapata mvuke zaidi wala hupati joto zaidi.

Baadaye nikajifunza kwamba ni afadhali hatukuyala. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya aina ya lektini, ambayo huvunjwa kwa kuchemsha maharage kwa nguvu dakika zisizopungua 10 katika joto la kuchemka la kawaida, na yakipikwa kwenye joto la chini kama nyuzi 80 sumu hiyo huweza hata kuongezeka makali. Anayeyala hutapika vibaya ndani ya saa chache. Anayetaka maharage mlimani ayapike nyumbani hadi yaive kabisa, ayakaange na kuyakausha, au abebe sufuria ya presha, ambayo kwa watu wawili wanaotembea ni mzigo mno.

Ugali, kwa upande wake, hauna taabu hata kidogo, na sababu yake inafurahisha: wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushikana kati ya nyuzi 62 na 72, kwa hiyo nyuzi 86 zinautosha na kubaki. Uji vilevile. Wali unawezekana ukiuloweka nusu saa, ukauchemsha dakika chache, ukaufunika vizuri na kuuzungushia kanga na koti zito kwa nusu saa nyingine, moto ukiwa umezimwa. Tambi nyembamba huiva. Viazi mviringo vikatwe vidogo sana. Kitoweo changu ni dagaa ninaowakaanga nyumbani na kitunguu, nyanya ya kopo na limau hadi wakauke kabisa, na juu kule huhitaji kikombe cha maji ya moto tu. Karanga, tende na chapati ni za mchana, kwa sababu mchana siwashi jiko.

Shambaai aliandika:

Kaka Mtembea Milima, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mzaliwa wa huku Lushoto, na naomba niongeze kwenye suala la dawa za mashambani, kwa maana umeligusa kwa sentensi moja tu. Mabonde yetu yanalimwa kabichi, karoti, viazi na nyanya hadi ukingoni mwa kijito, na wakulima hupiga dawa ya wadudu mara kwa mara wakati wa mazao. Mgeni anayechota chini ya bustani hizo, hata akiwa na kichujio cha bei gani, anakunywa dawa ile. Njia ya kuepuka jambo hili ni kuchagua mahali pa kuchota. Akina mama wa kila kitongoji wanaijua chemchemi yao ya kunywa, ambayo huwa juu ya mashamba, karibu na msitu, na mara nyingi imejengewa kwa saruji na kuwekewa bomba. Ukiamkia kwa adabu na kuuliza maji ya kunywa yanachotwa wapi, utaonyeshwa, na pengine mtoto atakusindikiza. Pale Rangwi kwa masista unaweza kulala na kujaza chupa zako kabla ya kuendelea na safari ya Mtae.

Mtembea Milima aliandika:

Ndugu Shambaai, asante sana, na umenirekebisha mahali palipostahili. Nilikuwa nikichota popote ninapokuta maji yanayotiririka, nikidhani kichujio kinatosha. Tangu sasa nitauliza.

Mtoto wa Meru aliandika:

Wakuu, kwa wanaopenda kutembea miteremko ya Mlima Meru, kule Arusha, kuna suala jingine la aina hiyo hiyo, nalo ni floridi. Mto Maji ya Chai na vijito vingine vya upande wetu hubeba floridi nyingi kutoka katika miamba ya volkano, kupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo sababu mnaona meno ya kahawia kwa wengi wetu tuliokulia huku. Kichujio cha nyuzi hakiitoi, klorini haiigusi, na kuchemsha kunaiongeza, kwa kuwa mvuke unaondoka na floridi inabaki katika maji machache zaidi. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mtu mzima anayepita siku mbili tatu hatadhurika, lakini ukisafiri na watoto wadogo wabebee maji ya kutoka kwingine.

Nesi wa Zamu aliandika:

Nimefurahi kuona mada hii ikiandikwa kwa uangalifu. Naomba mnisikilize kwa jambo moja ambalo watu hulidharau: katika safari za kundi, tumbo la kuendesha mara nyingi hupitia mikononi, na watu wakalaumu maji yaliyokuwa safi kabisa. Mmoja anatoka chooni, anaingiza mkono katika mfuko wa karanga, na mfuko unazunguka watu wote. Bebeni kipande cha sabuni, na karanga mzimimine viganjani badala ya kuchovya. Chimbeni choo hatua 70 au 80 kutoka kwenye maji na mfukie.

Akipatikana anayeendesha, jambo la kwanza ni kumrudishia maji mwilini. Kama hamna pakiti za maji ya chumvi na sukari, tengenezeni kwa lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Msizidishe chumvi. Akiona damu katika choo, au akipata homa, au akishindwa kubakiza chochote tumboni, mteremsheni mkamwone daktari, wala msingoje kesho.

Mama Wawili aliandika:

Kaka, naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, bibi yangu alikuwa akichuja maji kwa kanga iliyokunjwa. Je, kuna maana yoyote, au ni kutoa majani tu? La pili, sisi tuna jiko dogo la mkaa, na usiku wa milimani ni baridi. Tukilala nalo ndani ya hema likiwa limebakiwa na makaa machache, kuna ubaya?

Mtembea Milima aliandika:

Dada yangu, nianze na la pili kwa sababu ni la uhai. Msilale na jiko la mkaa ndani ya hema, hata likiwa na makaa matatu, hata mlango ukiwa umefunguliwa kidogo. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu aliyelala haamki. Anayehisi kichwa kinauma anadhani ni ugonjwa wa kimo, ule unaoletwa na hewa hafifu ya juu mlimani, na anajifunika zaidi. Jiko la gesi nalo linatoa hewa hiyo likiwashwa mahali pasipo na upepo, kwa hiyo hata mvua ikinyesha pikeni nje, chini ya turubai lililo wazi pande mbili. Ukitaka joto la kulalia, jaza maji yaliyochemka katika chupa ngumu, uivike soksi, uiweke miguuni. Asubuhi yamepoa, nayo ni maji ya kunywa yaliyokwisha kuwa salama.

Kuhusu kanga ya bibi, alikuwa na hekima kubwa. Kule Bangladesh watafiti waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu wadudu wa kipindupindu hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa kinavinasa. Kitambaa kikuukuu kilifaa zaidi ya kipya, maana nyuzi zikifuliwa mara nyingi hulegea na kuziba matundu. Hivyo kunja kanga kuukuu mara nne na uitumie kama hatua ya kwanza, kisha fuatisha dawa au moto. Itakisaidia pia kichujio chako kisizibe mapema.

Msafiri Mpya aliandika:

Mkuu, nimenunua kichujio cha nyuzi na tunaondoka wawili wiki ijayo kupanda Sirimon, usiku tatu mlimani. Je, kuna la kuangalia, na tubebe gesi kiasi gani?

Mtembea Milima aliandika:

Ndugu Msafiri, kichujio kikishaguswa na maji hakitakiwi kugandishwa. Katika safari ya pili nilikiacha changu nje ya mfuko wa kulalia usiku wa Shipton. Asubuhi kilikuwa kizito na kigumu, kikitoa mlio wa barafu nilipokitikisa. Barafu ikayeyuka, na maji yakapita kwa urahisi kuliko siku zote, jambo lililomfurahisha mwenzangu. Lakini wepesi ule ndio ulionitia shaka. Barafu hutanuka na kupasua vijineli vya ndani, na ufa huo hauonekani kwa macho, kwa hiyo tokea siku hiyo tulichemsha kila tone hadi tuliposhuka, na kichujio nikakitupa nyumbani. Kabla ya kulala kipulize maji yatoke, kitie katika mfuko mdogo, ulale nacho kifuani. Mchana pia, kukiwa na upepo wa baridi, kiweke mfuko wa ndani wa koti.

Gesi huwa ninaikadiria hivi. Lita 1 ya maji ya baridi hunichukua gramu 10 hadi 15 hadi itokote, na mlimani ninahesabu 15. Watu wawili kwa siku hutumia kama lita tatu na nusu za uji, chai na chakula cha jioni, ambazo ni gramu 50 na kidogo, na kuiva kwa ugali au wali huongeza kama 30. Hiyo ni gramu 80 kwa siku, au 240 kwa siku tatu. Mkilazimika kuchemsha na maji ya kunywa, lita tano hivi, mnaongeza gramu 75 kila siku, na jumla inakaribia 465. Kwa hiyo kopo la gramu 230 ni dogo hata kichujio kikiwa kizima. Bebeni la 450, na dogo moja la akiba kwa sababu ya yaliyonipata.

Angalieni pia maandishi ya kopo. Gesi ya butane tupu, ile ya majiko bapa ya mezani, huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na alfajiri ya Shipton jiko litawaka kama mshumaa. Tafuteni kopo lenye mchanganyiko wa isobutane na propane, na usiku lilale nanyi pamoja na kichujio. Kama mnatoka Dar es Salaam kwa ndege, makopo hayaruhusiwi kabisa, hata katika mizigo ya chini, kwa hiyo yanunueni mkishafika Nairobi, kabla ya kupanda gari la Nanyuki.

Msafiri Mpya aliandika:

Nimekuelewa, mkuu. Maharage nimeyatoa kwenye mzigo, nimeweka unga wa sembe kilo 2. Dagaa mke wangu anawakaanga Jumapili.

Mtembea Milima aliandika:

Mwambie asitie mafuta mengi mwishoni. Yakigandia kwenye sufuria kule juu, hamtakuwa na maji ya moto ya kutosha kuyaosha.